Kompyuta nzima ndani ya faili moja: NixOS kama mfumo wa kila siku

Ukimpelekea fundi kompyuta iliyoanza kusumbua, mara nyingi jibu ni lilelile: "Tuipige Windows upya." Watumiaji wa Linux hucheka wakisikia hivyo, lakini wengi wao hufanya jambo hilohilo, ila wao wanajipigia wenyewe. Leo unaongeza programu, kesho unahariri faili ndani ya /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, keshokutwa usiku wa manane unabandika amri uliyookota mtandaoni ili sauti irudi. Baada ya mwaka mmoja au miwili mfumo unafanya kazi, lakini hakuna anayejua umefikaje hapo. Diski ikifa, ujuzi wote huo unazikwa nayo.

NixOS ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Ni toleo la Linux ambalo mfumo wake wote, yaani kerneli (kiini cha mfumo), draiva, huduma zinazoendeshwa chinichini, watumiaji, fonti mpaka eneokazi lenyewe, huelezwa kwenye faili la maandishi, kisha mashine ikajijenga kufuata maelezo hayo. Mashabiki wake huisifia kwa pupa mpaka mgeni anachanganyikiwa: eti haiharibiki, eti unaweza kurudi nyuma wakati wowote, eti ni ileile kila mahali. Sifa hizo zinatoka kwenye mambo matatu tofauti, na kila moja lina gharama yake. Ukiyachambua moja moja ndipo unapoweza kujua kama mfumo huu unafaa kwenye laptopu unayoitegemea kwa kazi.

Kueleza badala ya kutenda

Kwenye Ubuntu, Debian au Fedora, hali ya kompyuta yako ni jumla ya mambo yote uliyowahi kuitendea, kwa mpangilio uliyoyatenda. Mashine mbili zilizosakinishwa siku moja zitaanza kutofautiana ndani ya wiki, kwa sababu wenye nazo wana mikono tofauti. Kwenye NixOS mambo yote yanaanzia kwenye faili liitwalo configuration.nix, lililopo /etc/nixos. Kipande chake kinaweza kuwa hivi:

```
time.timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam";
networking.networkmanager.enable = true;
services.printing.enable = true;
services.printing.drivers = [ pkgs.hplip ];
environment.systemPackages = with pkgs; [
  firefox libreoffice vlc git
];
```

Hata asiyejua lugha yenyewe anaweza kukisia: majira ya saa, mtandao, huduma ya kuchapisha pamoja na draiva za printa za HP, halafu programu nne. Ukimaliza kuandika unatoa amri `sudo nixos-rebuild switch`. Mashine inasoma maelezo, inapima kipi kimebadilika, inapakua kinachokosekana, inawasha upya huduma zilizoguswa, basi.

Kuongeza kitu hakumshangazi mtu. Kinachostahili kuangaliwa ni kufuta. Ondoa mistari miwili ya printa, toa amri ileile, na CUPS, yaani huduma ya kuchapisha, haitazimwa tu: faili yake ya huduma na mipangilio yake ndani ya /etc vinatoweka. Waliozoea kusimamia seva kwa Ansible wataona tofauti mara moja. Ansible huhakikisha kwamba ulichokitaja kipo, lakini ukiacha kukitaja, kinabaki palepale mpaka uandike agizo la kukiondoa. Kwa NixOS, kisichotajwa hakipo. Ndiyo maana ukisoma faili unajua mashine ikoje, badala ya kujua ulitaka iweje siku uliyoiandika.

Maelezo ya diski na vifaa vya mashine yako yanakaa kwenye faili la pili, hardware-configuration.nix, ambalo kisakinishi hulitengeneza chenyewe. Mgawanyo huo ni wa makusudi. La kwanza unaweza kulihamishia kwenye laptopu nyingine; la pili unaliacha, kwa kuwa mashine mpya itajiandikia lake.

Sasa lugha. Maelezo huandikwa kwa lugha iitwayo Nix, na hapo ndipo wengi wanapokwamia. Ni lugha ya kifunksheni, haina amri za "fanya hiki kisha kile", na haikokotoi kitu mpaka kihitajike. Kwa maoni yangu watu hutishwa bure. Mtumiaji wa eneokazi anaweza kukaa miezi mingi akiandika jina, alama ya usawa, thamani na nuktamkato, bila kugusa chochote kigumu zaidi. Majina ya mipangilio yote yanatafutwa kwenye search.nixos.org. Tabu halisi ni jumbe za makosa. Ukisahau nuktamkato utaambiwa vizuri, tena na namba ya mstari. Ila ukiweka orodha mahali palipotakiwa neno moja, unaweza kumwagiwa skrini nzima ya njia za faili usizozijua, na sababu yenyewe imejificha kwenye mistari ya mwisho. Zoea kuanza kusoma kutoka chini.

Stoo

Jambo la pili ni mahali programu zinapokaa, na hili ndilo linalozaa mengine yote.

Linux ya kawaida humwaga faili za programu zote kwenye makabati yaleyale: /usr/bin, /usr/lib, /usr/share. Maktaba fulani (msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu nyingi) ikiwa na toleo moja, programu zote zinalitumia hilohilo, na ukilibadilisha kwa ajili ya moja umezibadilishia zote. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, Eelco Dolstra alianza kutengeneza Nix, kisimamizi cha vifurushi ambacho NixOS imejengwa juu yake, kwa wazo jingine, akalieleza kwa kina katika tasnifu yake ya udaktari ya 2006. Mwaka huohuo Armijn Hemel, mwanafunzi wa uzamili hapohapo Utrecht, alionyesha kwamba wazo hilo linaweza kubeba mfumo mzima wa uendeshaji. NixOS ikatokea hapo, ingawa toleo la kwanza lenye namba, 13.10, lilisubiri hadi Oktoba 2013.

Wazo lenyewe ni kwamba kila kifurushi kinapewa folda yake ndani ya /nix/store, na jina la folda hiyo huanza na herufi na tarakimu 32 zilizokokotolewa kutokana na kila kilichoingia katika kukitengeneza: msimbo chanzo, kompaila, maktaba inazozitegemea, hata chaguo zilizotumika wakati wa kujenga. Badilisha chochote kati ya hivyo, hata kidogo, na jina linabadilika, kwa hiyo folda ni nyingine. Firefox ya jana na ya leo hazikutani kamwe. Kwa wapenda vijimambo: alfabeti inayotumika kwenye majina hayo haina e, o, t wala u, na Dolstra alieleza kwamba aliziondoa ili kupunguza uwezekano wa tusi kujiandika lenyewe ndani ya jina la folda.

Ukiingia stoo na kuandika `ls -l`, utaona kila faili lina tarehe ya 1 Januari 1970. Saa ya mashine yako iko sawa. Tarehe zimefutwa kusudi ili muda wa kujenga usiwe sababu ya tofauti kati ya mashine na mashine. Pia stoo haiandikiki. Ni ya kusoma tu, hata kwa msimamizi mkuu anayejaribu kwa njia ya kawaida.

Mfumo wako wenyewe nao ni folda moja ndani ya stoo, iliyojaa viungo vinavyoelekea kwenye folda nyingine, na /run/current-system ni kiungo kinachoielekea folda hiyo. Kwa hiyo kusasisha hakumaanishi kufumua mfumo ulio chini ya miguu yako. Mfumo mpya unajengwa pembeni ya wa zamani, na ukikamilika ndipo kiungo kinahamishwa.

Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila hodi ataelewa uzito wa sentensi hiyo. Umeme ukikatika Ubuntu ikiwa katikati ya kusasisha, ukiwasha unaweza kukuta vifurushi nusu vimesakinishwa nusu havijapangwa, na kama una bahati `dpkg --configure -a` itakutoa. Kwenye NixOS mfumo wa zamani haujaguswa hata kidogo. Unawasha, unarudia amri, na vifurushi vilivyokwisha kushuka havishushwi tena. Kuna kipindi kifupi, pale orodha ya menyu ya kuwashia inapoandikwa, ambapo kukatika kwa umeme kunaweza kuleta kero, lakini ni sekunde chache ukilinganisha na zoezi zima.

Kila mfumo unaojengwa kwa `switch` huhesabiwa kuwa kizazi, na vizazi vyote vinajipanga kwenye menyu unapowasha kompyuta. Tuseme umesasisha jioni, kerneli mpya imekuja pamoja na draiva mpya ya NVIDIA, na asubuhi skrini ni nyeusi. Unazima, unawasha, unachagua kizazi kilichotangulia, na kabla chai haijapoa uko kazini. Kerneli, draiva, eneokazi na mipangilio ya /etc vyote vimerudi pamoja, vikiwa katika mpangilio uliokuwa ukifanya kazi jana. Ya skrini nyeusi utayashughulikia Jumamosi. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutumia NixOS kwenye mashine ya kazi, mbele ya hoja zote za kitaalamu: mtu haogopi tena kujaribu.

Hapohapo lakini ndipo watu wanapojidanganya. Kinachorudi nyuma ni mfumo, data yako hairudi. Chukua Firefox. Ukifungua toleo jipya, linaboresha folda yako ya wasifu ndani ya /home. Ukirudi kwenye kizazi cha zamani, Firefox ya zamani itakuta wasifu ulioguswa na toleo jipya kuliko yenyewe, na itakataa kuufungua, ikikutaka utengeneze mwingine. Kinga hiyo imewekwa na Firefox wenyewe tangu toleo la 67 la mwaka 2019. Hifadhidata ni hivyohivyo: faili za PostgreSQL za toleo kuu moja hazisomeki na toleo kuu jingine. Nakala rudufu za picha, hati na kazi zako unazihitaji kama anavyozihitaji mtu mwingine yeyote.

Ileile kwa maana ipi?

Jambo la tatu ndilo linalotajwa sana na kueleweka kidogo. Inasemwa kwamba faili lako la maelezo ukilipeleka kwenye mashine nyingine utapata mfumo uleule. Hii ni kweli kwa sharti moja ambalo mara nyingi halitajwi.

Angalia tena mfano wa juu. Umeandika "firefox", hukuandika Firefox ipi. Toleo linaamuliwa na Nixpkgs, mkusanyiko mkubwa wa maelekezo ya kujenga vifurushi zaidi ya 100,000, na mashine yako inausoma kupitia chaneli, yaani mkondo wa masasisho unaosogea mara kwa mara. Faili lilelile, bila kubadilisha hata nukta, likijengwa leo na likijengwa baada ya miezi mitano, chaneli ikiwa imesasishwa, litatoa mifumo miwili tofauti. Kueleza peke yake hakukupi urudifu. Unahitaji pia kufunga Nixpkgs kwenye hali yake ya siku fulani.

Kazi hiyo hufanywa na utaratibu uitwao fleki (flakes). Unaongeza faili flake.nix, na mashine inakuandikia flake.lock, ambamo hali halisi ya kila chanzo imenakiliwa kwa utambulisho wake. Mpaka wewe mwenyewe uagize kusasisha, hakuna kinachosogea. Fleki ziliingia na Nix 2.4 mnamo Novemba 2021 zikiwa na lebo ya "majaribio", na lebo hiyo imebaki miaka yote tangu hapo huku watu chungu nzima wakizitumia kwa kazi za kweli. Matokeo yake maandiko ya Nix yamegawanyika kambi mbili. Mwongozo mmoja unakwambia `nix-shell`, mwingine `nix shell`; mmoja unazungumzia chaneli, mwingine haujui chaneli ni nini. Mgeni anachota nusu huku nusu kule, halafu anashangaa mambo hayaendi. Shika njia moja. Ukianza leo, anza na chaneli ya toleo thabiti mpaka ulizoee faili lako, kisha hamia fleki siku utakapokuwa na mashine ya pili.

Iko pia maana kali zaidi ya "ileile": kwamba mashine mbili zikijenga kifurushi kimoja kutoka vyanzo vilevile, matokeo yafanane biti kwa biti. Hilo Nix haikuhakikishii. Zile herufi 32 huwa zimekokotolewa kutokana na vilivyoingia, si kutokana na kilichotoka. Programu inayochomeka muda wa kujengwa ndani yake, au inayopanga faili kwa mpangilio unaotegemea bahati, inaweza kutoka tofauti kidogo kila mara chini ya jina lilelile. Jamii ya Nix na mradi wa Reproducible Builds wamelifanyia kazi sana suala hili, kwa sababu linamhusu anayetaka kuthibitisha kwamba faili alilolipakua kutoka kwenye seva limetokana kweli na msimbo unaodaiwa. Mwenye laptopu anayetaka tu mazingira yake yarudi kama yalivyokuwa, maana ya kwanza inamtosha.

Hapa pia niitenganishe NixOS na majirani zake. Fedora Silverblue nayo hujenga mfumo mpya pembeni na hukuruhusu kurudi nyuma, lakini haikuombi uuandike mfumo wako kwenye faili. GNU Guix, iliyoanzishwa na Ludovic Courtès mwaka 2012, ndiyo ndugu wa karibu: stoo ileile kimsingi, ila maelezo huandikwa kwa lugha ya Scheme, na haijumuishi programu zisizo huru wala draiva zenye sehemu zilizofungwa. Msimamo huo ni wa heshima, lakini kwenye laptopu nyingi za kawaida maana yake ni Wi-Fi kutofanya kazi. NixOS imekaa katikati: huria ndiyo chaguo la kuanzia, na mstari mmoja, `nixpkgs.config.allowUnfree = true;`, unafungua mlango kwa draiva ya NVIDIA, Zoom na Chrome.

Siku ya kwanza ya kugombana

Itakuja mapema. Umepakua programu kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wake, labda ya benki, ya kazini au ya chuo. Umeipa ruhusa ya kuendeshwa. Unaiita kwa `./programu`, na kwenye matoleo ya zamani ya NixOS unajibiwa:

```
No such file or directory
```

Unaandika `ls`, faili unaliona. Unarudia, jibu lilelile. Mtu anaweza kupoteza mchana mzima hapo, kwa sababu ujumbe unasema kweli kuhusu faili jingine kabisa. Programu nyingi za Linux zinapojengwa huandikiwa ndani yake njia ya kipakiaji cha maktaba, kwa kawaida /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Kerneli hukitafuta hicho kwanza ndipo iiendeshe programu. NixOS haina makabati ya /lib wala /usr/lib kwa mtindo wa wengine, kwa hiyo kisichopatikana ni kipakiaji. Matoleo ya karibuni yameweka pale kipakiaji cha bandia ambacho kazi yake ni kukueleza tatizo na kukuelekeza kwenye maelezo zaidi, na hilo limewaokoa wengi.

Dawa zipo kadhaa. Kwanza tafuta kama programu hiyo ipo Nixpkgs, maana huko imesharekebishwa. Kama haipo, `programs.nix-ld.enable = true;` huweka kipakiaji cha kweli mahali kinapotarajiwa, na programu nyingi huanza kufanya kazi hapohapo. Njia nyingine ni `steam-run`, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo lakini huifungia programu yoyote ndani ya mazingira yanayofanana na Linux ya kawaida. Na kama programu inapatikana kupitia Flatpak, njia ya kusambaza programu pamoja na maktaba zake, iwashe Flatpak kwa `services.flatpak.enable = true;` bila kuona haya. Wapo watakaokwambia kwamba hiyo inachafua usafi wa mfumo. Waache na usafi wao. Wewe una barua ya kuandika.

Wanafunzi wa sayansi ya data watakutana na tatizo hilohilo likiwa limevaa nguo nyingine: `pip install numpy` inakamilika vizuri, halafu Python inalalamika kuwa haioni libstdc++.so.6. Sababu inafanana, yaani maktaba haiko mahali inapotarajiwa, na mara nyingi Python kutoka Nixpkgs ikiwa na numpy yake ndani inamaliza shauri. Ila sitaficha: kwa anayeishi ndani ya pip na conda kutwa nzima, NixOS ni ya taabu kuliko Ubuntu.

Zoezi lingine la kukubali ni kuacha kuhariri /etc. Ukitaka kuongeza jina kwenye /etc/hosts, utakuta faili hilo ni kiungo kinachoelekea stoo, na mhariri wako atakataa kuhifadhi. Unaandika `networking.extraHosts` kwenye maelezo, unajenga. Ni hatua ndefu kidogo kwa jambo dogo. Faida yake unaiona siku unapojiuliza hilo jina liliingiaje, nawe una jibu.

Upande wa raha, kuna kuazima. Unahitaji ffmpeg mara moja tu kupunguza video ya harusi? `nix-shell -p ffmpeg` inakupa terminali yenye ffmpeg ndani. Ukiifunga, haimo tena kati ya programu zako, ingawa faili zake hubaki stoo mpaka uzizoe. Mtu akizoea hili hurudi kwenye usambazaji mwingine akajihisi amefungwa mikono. Kinyume chake, jiepushe na `nix-env -i`, ambayo miongozo ya zamani inaipenda. Inasakinisha programu nje ya maelezo yako, na taratibu unajikuta umerudi kwenye kompyuta isiyo na kumbukumbu.

Vipi kuhusu mipangilio ya GNOME, alama za kurasa, mwonekano wa mhariri wako wa maandishi? Hayo yako ndani ya /home na configuration.nix haiyagusi. Upo mradi uitwao Home Manager unaoweza kuyaeleza kwa mtindo uleule. Ni mzuri, lakini ushauri wangu ni kuuahirisha. Wengi huanza na vyote kwa pamoja, kisha hawajui kosa limetoka wapi.

Mambo mawili madogo yenye madhara makubwa. Usiandike nenosiri lolote ndani ya maelezo, kwa sababu kila kinachopita kwenye maelezo huishia stoo, na stoo inasomeka na kila mtumiaji wa mashine. Zipo zana kama agenix na sops-nix kwa kazi hiyo. Na mstari wa `system.stateVersion`, ulioandikwa wakati wa kusakinisha, haumaanishi toleo ulilonalo. Unaziambia huduma data yako ilianza kuhifadhiwa kwa mtindo wa toleo gani. Ukihamia toleo jipya uache ulivyo.

Bando na nafasi ya diski

Miongozo mingi ya NixOS imeandikwa na watu ambao intaneti yao haihesabiwi kwa gigabaiti, kwa hiyo hili hupitwa haraka. Kwa anayenunua bando, ni la kwanza.

Kumbuka kanuni ya stoo: kikibadilika chochote kilichoingia, jina linabadilika. Sasa fikiria maktaba iliyo chini ya kila kitu, kama glibc au OpenSSL, ikipata kiraka cha usalama. Kila kinachoitegemea, moja kwa moja au kupitia kingine, kinapata jina jipya, na mashine yako lazima ipakue vyote upya hata kama LibreOffice yenyewe haijabadilishwa herufi. Debian ingekuletea maktaba hiyo moja tu. Seva rasmi, cache.nixos.org, haitoi tofauti pekee kati ya toleo na toleo. Inatoa kifurushi kizima. Sasisho la namna hiyo kwenye eneokazi lililojaa linaweza kula gigabaiti kadhaa kwa mkupuo.

Ongeza kwamba matoleo thabiti hutoka mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tano na wa kumi na moja, na kila moja huhudumiwa kwa takriban miezi saba. Hakuna toleo la muda mrefu kama lile la Ubuntu linalohudumiwa miaka mitano. Ni lazima usogee.

Nafuu ipo. Kabla ya kujenga, `nixos-rebuild dry-build` hukuonyesha vitakavyopakuliwa. Ukisasisha mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, unaruka matoleo ya katikati. Na kwenye ofisi, shule au kituo chenye kompyuta nyingi, mashine moja ikipakua, nyingine zinaweza kuchukua kwake kupitia mtandao wa ndani kwa `nix-copy-closure`, bila kugusa intaneti. Kwa chumba cha kompyuta cha shule ambacho mashine zake zote ni za aina moja, hapo NixOS inakuwa rahisi kuliko washindani wake: mwalimu mmoja anaandika faili moja, na mashine zote zinafanana.

Diski nayo inajaa. Vizazi vya zamani havifutiki vyenyewe, na kila kimoja kinashikilia vifurushi vyake. `sudo nix-collect-garbage --delete-older-than 14d` inazoa vizazi vilivyopita wiki mbili pamoja na kila kisichotumiwa tena, na `nix.gc.automatic = true;` pamoja na `nix.gc.options = "--delete-older-than 14d";` huifanya kazi hiyo kuwa ya ratiba. Usizoe siku uliyosasisha. Subiri uhakikishe kila kitu kinafanya kazi, la sivyo unaweza kufuta njia yako ya kurudi.

Kuijaribu bila kuvunja nyumba

Kwa mtu anayetaka kompyuta ya kuvinjari, kuandika na kutazama filamu, na hana hamu ya kujua ndani mna nini, sioni sababu ya kumpendekezea NixOS, isipokuwa kama kuna mtu mwingine atakayemwandikia faili na kulitunza. Kwa mwenye mashine zaidi ya moja, au mtengenezaji programu aliyechoka na "kwangu inafanya kazi", au yeyote anayechokonoa mfumo wake kila mwisho wa wiki, ni rahisi kuona itakavyomlipa.

Si lazima ufute ulichonacho. Nix yenyewe inasakinishika juu ya Ubuntu, Fedora hata macOS, na itakupa kuazima programu na mazingira ya miradi bila kugusa mfumo wako. Hatua inayofuata ni mashine pepe. Tangu toleo la 22.05 kipo kisakinishi cha michoro, kwa hiyo kuifikia GNOME au Plasma hakuhitaji tena kukariri amri. Ukishaipata, weka folda yako ya /etc/nixos kwenye git siku hiyohiyo na uitume nje ya mashine, kwa sababu faili la maelezo lililokufa pamoja na diski halimsaidii mtu.

Na kama utaiweka pembeni ya Windows kwenye diski moja, angalia kwanza ukubwa wa sehemu ya kuwashia ya EFI. Windows kwa kawaida huitengea megabaiti 100, na kwa menyu ya systemd-boot, NixOS huweka humo kerneli na faili lake la kuanzia kwa vizazi vinavyoorodheshwa kwenye menyu. Vizazi vikitumia kerneli tofauti, sehemu hiyo hujaa upesi na `switch` inagoma ikisema hakuna nafasi ilhali diski yako ina mamia ya gigabaiti wazi. Itengee gigabaiti moja mapema, au punguza idadi ya vizazi kwenye menyu kwa `boot.loader.systemd-boot.configurationLimit`.